Wizi kwenye avenyu yetu: mbinu ipi ianze, ipi ingoje

Jirani yangu wa upande wa kushoto, mama wa watoto wanne, aliibiwa mara mbili ndani ya wiki tatu. Mara ya kwanza walichukua televisheni na betri ya sola. Akakopa, akanunua televisheni nyingine. Mara ya pili walikuja kuichukua hiyo mpya. Asubuhi ile alisimama mbele ya lupango lake (kiwanja chake), kitenge begani, akamwambia shefu wa avenyu: "Papa shefu, balirudia. Balipitia dirisha ile ile."

Nilikwenda kuliangalia dirisha hilo. Tangu wizi wa kwanza, antivole yake, yaani nondo za kuzuia wezi, ilikuwa imefungwa kwa waya, kwa sababu fundi wa kuchomelea aliahidi kuja kesho, na kesho yake ikawa ya wiki tatu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba baada ya wizi ule wa kwanza avenyu nzima tulikutana, tukachanga pesa, tukaajiri zamu wa pili, yaani mlinzi wa usiku. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza habari ya dirisha.

Tangu siku hiyo nimesoma nilichopata kuhusu njia za kupunguza wizi wa mali, na tumezijaribu baadhi yake kwetu. Mwongozo huu ni kwa avenyu moja ya Lubumbashi, Kongo, katika komini yake yoyote, iwe Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba au Annexe: nyumba thelathini au arobaini, shefu mmoja, pesa kidogo, na umeme wa SNEL, shirika la umeme, unaokwenda na kurudi.

Hatua ya 1: Daftari kabla ya mchango

Msinunue kitu chochote kabla ya kuandika. Tafuteni daftari la shule la kurasa 100, mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka na asiye na maneno mengi, kisha mpite mlango kwa mlango mkiuliza habari za miezi sita iliyopita. Kila wizi upate mstari wake: siku, saa, umeme ulikuwepo au la, mvua ilinyesha au la, waliingilia wapi, walitumia nini, walichukua nini, nani alikuwa nyumbani, na kama nyumba hiyo iliwahi kuguswa kabla.

Mstari mzuri unasomeka hivi: "Usiku wa Jumanne, kati ya saa nane na saa kumi. Delestaje (umeme umekatwa). Mvua kubwa. Dirisha la nyuma, antivole ilipindwa kwa mtaimbo. Televisheni. Watu walilala vyumba vya mbele. Iliibiwa wiki tatu kabla." Mstari mbaya ni ule wa "waliibiwa usiku". Huo hauwezi kukuambia ununue nini.

Mkiuliza, ulizeni pia juu ya wizi ambao haukufika polisi. Sufuria zilizotoka uani, nguo zilizoanuliwa na mtu mwingine, simu iliyonyakuliwa mkononi mwa binti akitoka kanisani. Watu huona aibu kutaja vitu vidogo, lakini mara nyingi ndivyo vinavyoonyesha njia ambayo mwizi amezoea kupita.

Kwetu, mambo mawili yalijitokeza ambayo hakuna aliyeyasema kwenye mkutano. La kwanza ni mvua. Kuanzia Novemba, mvua ikipiga mabati, mtu anaweza kuvunja tofali mita tatu kutoka kitandani kwako usimsikie. La pili ni kilio. Mtu akifa, nusu ya avenyu inakesha matangani, na nyumba zinabaki na watoto au bila mtu kabisa. Mwizi anasikia nyimbo za msiba kama sisi tunavyozisikia.

Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, waliandika kwamba wizi unahitaji vitu vitatu vikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu anayetaka kuiba, kitu kinachobebeka, na kukosekana kwa mtu wa kuzuia. Ukiondoa kimoja, wizi haufanyiki. Someni daftari lenu kwa maswali hayo matatu. Someni pia mkitafuta rundo, maana wizi hausambai sawasawa. Huko Minneapolis, Marekani, Lawrence Sherman na wenzake waligundua kwamba asilimia 3 tu ya anwani za mji zilitoa nusu ya miito yote iliyopigwa kwa polisi. Msishangae mkikuta nyumba tano kati ya arobaini zinabeba sehemu kubwa ya daftari.

Hatua ya 2: Wakingwe kwanza walioibiwa

Kama mna nguvu ya kufanya jambo moja tu, fanyeni hili.

Nyumba iliyoibiwa iko katika hatari kubwa ya kuibiwa tena, hasa siku na wiki za mwanzo, na nyumba za jirani zake pia zinaingia hatarini kwa muda. Sababu haihitaji elimu kubwa. Mwizi ameshajua mlango, mbwa, chumba cha kulala na njia ya kutokea. Anajua pia kuna vitu alivyoviacha, na kwamba vilivyoibiwa vitanunuliwa upya. Watu husema siku za mwizi ni arobaini, lakini katika siku hizo arobaini anaweza kuingia nyumba ile ile mara tatu.

Katikati ya miaka ya 1980, mtaa wa Kirkholt katika mji wa Rochdale, Uingereza, ulikuwa umeelemewa na uvunjaji wa nyumba. Waliamua kuanza na walioibiwa. Mlango au dirisha lililovunjwa lilitengenezwa na kuimarishwa mara moja. Mita za umeme na gesi zilizotumbukizwa sarafu, ambazo wezi walizipenda kwa sababu ya pesa zilizojaa ndani, ziliondolewa. Majirani wachache walioizunguka nyumba iliyoibiwa waliombwa waiangalie, basi. Kwa muda wa miaka mitatu hivi, uvunjaji wa nyumba ulishuka kwa karibu robo tatu.

Kwa avenyu yetu nimelipanga hivi. Kabla jua halijazama siku ya wizi, njia waliyoingilia iwe imefungwa kwa kitu cha kudumu. Kwa hiyo avenyu iwe na akiba ndogo ya pamoja: kadena (kufuli) moja nzuri, pete yake ya chuma, bolti, vipande viwili vya nondo, na makubaliano na fundi mmoja wa kuchomelea kwamba akiitwa anakuja siku hiyo hiyo na analipwa siku hiyo hiyo. Fundi haji kwa sababu anajua atazungushwa kwenye malipo. Ondoeni sababu hiyo.

Kisha nyumba nne zikubaliane: ya kushoto, ya kulia, ya mbele na ya nyuma. Ya nyuma ndiyo inayosahaulika, kwa sababu inatazama avenyu nyingine na ina shefu mwingine. Nendeni mkaongee nao. Kwa wiki sita, nyumba hizo nne ziwe na namba za simu za aliyeibiwa, zijue akisafiri, zijue akienda kilioni. Wasikilizaji wawe wanne, na mtu asiachiwe kubeba hofu yake peke yake. Yule mama jirani alikuwa amelala na taa ya simu ikiwaka mkononi kwa siku ishirini, na sisi wengine hatukujua.

Hatua ya 3: Mlango, dirisha na ukuta

Anza pale mwizi alipopita kweli, kwa mujibu wa daftari. Mara nyingi watu hununua kadena kubwa inayong'aa na kuifunga kwenye pete nyembamba iliyopigiliwa misumari miwili kwenye mbao laini. Mwizi haigusi kadena. Anaingiza mtaimbo nyuma ya pete, anasukuma mara moja, kila kitu kinatoka pamoja. Pete ishikwe kwa bolti zinazopenya hadi ndani na kukazwa kwa nati upande wa ndani. Bawaba zisiwe nje mahali zinapoweza kung'olewa. Kama lango ni la chuma, fundi achomelee kisanduku kidogo kuzunguka kadena, mkono uingie lakini mkasi wa kukatia chuma usiingie.

Antivole za dirisha zichimbiwe ndani ya ukuta. Zilizopachikwa juu ya fremu ya mbao zinatoka na fremu yake. Lakini nawasihi: angalau dirisha moja la chumba cha kulala liwe na antivole inayofunguka kwa ndani, na ufunguo ukae mahali ambapo hata mtoto anapajua. Usiku wa delestaje tunawasha mishumaa. Nyumba iliyofungwa kila upande ikishika moto inakuwa kaburi, na hakuna televisheni yenye thamani hiyo.

Nyumba za matofali mabichi zina tatizo lake, kwa sababu ukuta wenyewe unatobolewa. Piga lipu ya saruji sehemu ya chini kwa nje hadi usawa wa kiuno, na vitu vya thamani vitoke kwenye ukuta wa nyuma viende kwenye ukuta wa katikati.

Uchunguzi uliofanywa Uingereza na Wales unaonyesha kwamba vifaa vinafanya kazi vikiungana: kufuli za milango pamoja na za madirisha, pamoja na taa ya ndani na ya nje. Kengele ya umeme ikiwa peke yake haikuongeza kinga. Naamini hilo linatuhusu sana sisi ambao tungepaswa kuilisha kengele hiyo umeme tusiokuwa nao.

Kuhusu ukuta mrefu wa lupango wenye vipande vya chupa juu: unamchelewesha mwizi kuingia, lakini akishaingia unamficha. Anafanya kazi kwa utulivu, hakuna mpita njia anayemwona. Kama una pesa ya kitu kimoja kati ya kuongeza mistari mitatu ya matofali na kuimarisha mlango wa nyumba, weka kwenye mlango. Na lango lenye nafasi za kuonea ndani ni bora kuliko bati lililoziba kabisa, hata kama majirani wataona unachopika.

Hatua ya 4: Mwanga

Mwaka 2016 mji wa New York uliweka minara ya taa katika baadhi ya mitaa ya nyumba za serikali, iliyochaguliwa kwa kura ili kulinganisha na isiyopata. Makosa makubwa ya usiku yaliyofanyika nje ya nyumba yalipungua kwa asilimia 36. Watafiti wengine waliokusanya majaribio mengi ya taa za barabarani, hasa ya Uingereza na Marekani, walipata wastani wa asilimia 21.

Takwimu hizo zinatoka miji ambayo taa ikiwashwa inawaka hadi asubuhi. Kwetu, balbu inayotegemea SNEL inazimika usiku ule ule ambao mwizi anautaka. Kwa hiyo kama mnachanga kwa ajili ya mwanga, nunueni taa za sola zenye betri yake. Zifungwe juu mtu asikofika bila ngazi, kwa bolti zilizochomelewa, la sivyo taa yenyewe itakuwa ya kwanza kuibiwa. Haina haja ya taa kila lango. Rudini kwenye daftari: kona ya kwanza, kichochoro, mti mkubwa, na sehemu ambapo wanawake hushuka kwenye taximoto jioni. Taa tatu hapo zinashinda kumi zilizotawanywa kwa kufuata nani kachanga zaidi. Na taa isimulike machoni pa zamu. Imulike mahali anapopaswa kuangalia.

Kamera zinakuja baadaye sana. Majaribio mengi yaliyounganishwa mwaka 2019 yalionyesha upungufu wa asilimia 13 kwa wastani, na zilifaa zaidi kwenye maegesho ya magari. Duka lenye umeme wa uhakika na mtu wa kuangalia picha linaweza kufaidika. Avenyu ya nyumba za kawaida iziache kwanza.

Hatua ya 5: Zamu, majirani na filimbi

Jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia ni kwamba mtu kuzunguka zunguka usiku bila mpango hakupunguzi wizi. Kati ya 1972 na 1973 polisi wa Kansas City waligawa maeneo yao makundi matatu: mengine bila doria ya kawaida, mengine doria ile ile, mengine mara mbili au tatu zaidi. Mwisho wake, uvunjaji wa nyumba haukutofautiana. Kinachosaidia ni kukaa kwenye pointi zile zile zinazoonekana kwenye daftari, kwa saa zile zile. Zamu wetu wawili walikuwa wanatembea saa tatu usiku hadi saa saba, watu wakiwa bado macho, kisha wanalala saa nane wizi unapoanza. Tulipogawa usiku vipande viwili, mmoja akalala kwanza na mwingine akalala baadaye, hatukuongeza hata faranga moja.

Ulinzi wa majirani umepimwa pia katika nchi mbalimbali, na wastani wa upungufu ulikuwa kati ya asilimia 16 na 26. Ni wa bei ndogo, lakini unakufa haraka. Mwezi wa kwanza watu ishirini, mwezi wa tatu watu wawili na shefu. Ili udumu, uwe mwepesi: filimbi moja kila nyumba, alama moja iliyokubaliwa, kila anayesikia anawasha taa yake, anapiga sufuria, anabaki ndani ya lupango lake. Kelele na mwanga vinatosha kumkimbiza. Hakuna haja ya mtu kutoka na panga.

Na hapa nasema kwa moyo wangu wote. Niliwahi kumwona kijana akipigwa kwa mawe saa tano usiku kwa sababu alikuwa anagusa malango. Alikuwa dereva wa taximoto anayetafuta nyumba ya mteja aliyesahau mkoba. Alipona, lakini jicho moja halikupona. Mshikeni mtu mkiweza bila kumuumiza, mwiteni shefu, mpelekeni polisi. Wanaosema "polisi watamwachilia kesho" wajue kwamba Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 18, inakataza kumshikilia mtu polisi zaidi ya saa 48 bila kumpeleka kwa mamlaka ya kimahakama au kumwachilia. Saa hizo zikiisha bila maandishi ya malalamiko, bila shahidi, bila orodha ya mali, anatoka. Hapo ndipo daftari lenu lina kazi. Nakala ya mstari wa siku hiyo, jina la aliyeona, namba ya kifaa, vyote vifike siku ile ile. Kuvunja mlango, kupanda ukuta au kutumia ufunguo bandia kunapandisha adhabu ya wizi kutoka ukomo wa miaka 5 hadi 10 katika Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo eleza waziwazi jinsi walivyoingia.

Kufunga avenyu kwa kizuizi usiku kunaweza kufaa kama kuna vichochoro vya nyuma. Liverpool waliweka malango kwenye vichochoro nyuma ya nyumba, na uvunjaji ukapungua kwa takriban asilimia 37. Lakini ombeni ruhusa ya komini kwanza, na awepo mtu mwenye ufunguo saa zote. Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja zamu aamke.

Hatua ya 6: Fanya mali yako iwe ngumu kuuzika

Mwizi haibi televisheni ili aiangalie. Leo hii, kwenye simu yako, bonyeza *#06#, andika namba itakayotokea mahali pengine nje ya simu hiyo. Andika namba ya chesisi ya pikipiki na piga picha ya karta roze (hati yake ya usajili). Chonga alama ya lupango lako nyuma ya televisheni, kwenye fremu ya paneli ya sola na kwenye betri, wazi na mahali isipofutika bila kuharibu kitu. Ukinunua gari la mtumba, uliza kama ufunguo wake una kizuizi cha elektroniki. Magari mapya ya Ulaya yamelazimika kuwa nacho tangu 1998, na wizi wa magari huko ulipungua.

Halafu tujitazame wenyewe. Simu ya bei ya ajabu bila karatasi, waya wa shaba uliochomwa plastiki unaopelekwa kwa wanunuzi wa mitraye (vyuma chakavu), betri "ya kaka aliyesafiri". Kununua mali ya wizi ni kosa kisheria. Ni sisi pia tunaoweka pesa mezani.

Hatua ya 7: Vijana wanaokaa kwenye kona

Njia hii ni ndefu na avenyu moja haiwezi kuibeba peke yake. Inahitaji parokia, kanisa au chama. Lakini ushahidi wake unatoka Afrika, nao umenipa matumaini. Huko Monrovia, Liberia, vijana 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi na ugomvi waligawanywa kwa kura. Wengine walipata wiki nane za mazungumzo ya kundi kuhusu hasira, mipango na jinsi ya kujiona mtu mwingine. Wengine walipata dola 200, wengine vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Mazungumzo peke yake yalipoteza nguvu baada ya mwaka. Pesa peke yake haikudumu. Waliopata vyote viwili, miaka kumi baadaye, vitendo vyao vya wizi na vurugu vilikuwa bado chini kwa karibu nusu.

Kuwatisha watoto kwa kuwapeleka gerezani wakaone wafungwa kumejaribiwa Marekani, na waliopelekwa walifanya makosa mengi zaidi kuliko wenzao. Kama kuna anayependekeza hilo kwenye mkutano wenu, mkatalieni kwa upole.

Hatua ya 8: Pimeni baada ya msimu wa mvua

Wizi ukipungua kwenu, ulizeni kama umehamia kwa jirani. Bogotá, Kolombia, mwaka 2016, polisi waliongeza muda wao kwenye vipande vya barabara vyenye uhalifu mwingi, na wizi wa mali ulionekana kusogea kwenye barabara za pembeni. Majaribio mengine hayakuona hivyo, na mara nyingine hata majirani walifaidika. Njia ya kujua ni moja: shefu wa avenyu inayofuata naye awe na daftari, lenye maswali yale yale, kuanzia mwezi ule ule.

Msilinganishe Agosti na Januari, maana Agosti hakuna mvua ya kumfichia mwizi kelele. Linganisheni Januari na Januari. Hesabuni pia majaribio yaliyoshindikana: pete iliyopindwa lakini haikutoka, filimbi iliyopigwa wakakimbia. Kwa yule mama jirani yangu tumeandika mistari miwili ya namna hiyo tangu fundi alipochomelea dirisha. Mkwaruzo wa mtaimbo bado unaonekana kwenye nondo ya tatu.